Siku Mama Mkwe Alipofungwa Lisbon

Usiku wa kuamkia leo niliota tumekwenda kutembea Lisbon, mimi, mume wangu Eliapenda, binti yetu Tumsifu wa miaka minane, na mama mkwe wangu, Bibi Nakijwa. Hatukupanda ndege. Tulifungua mlango wa stoo ya mahindi nyumbani kwetu Same, tukatokea kwenye uwanja mkubwa uliotandikwa mawe meupe na meusi. Watu walikuwa wanapiga magitaa, wanakula samaki wa kuchoma, wanacheka.

"Tumefika mapema," alisema Eliapenda.

Nikakubali kwamba tumefika mapema.

Lazima niseme kidogo habari za mama mkwe. Tunaishi naye. Masikio yake yamepungua nguvu, huu ni mwaka wa sita, na yeye anashikilia kwamba masikio yake ni mazima, ila sisi ndio tumeanza kunong'ona. Mwanawe akimwambia twende hospitali, anajibu, "Kajifunzeni kwanza kufungua midomo." Kwa hiyo nyumbani kwetu tunazungumza kama watu waliosimama kwenye milima miwili. Kwenye ndoto ilikuwa vilevile.

Lisbon ni mji wa vilima, na magoti yanamsumbua Bibi. Tukaenda kituoni. Palikuwa na kibao: ABIRIA WOTE WAPANDE TRAMU HAPA. Chini ya kibao yaliegemezwa majembe manne.

"Haya, pandeni," ilisema tramu. Ilikuwa ndogo, ya njano, yenye sauti ya mtu aliyekosa usingizi.

"Mlango uko wapi?" niliuliza.

"Mlango wa nini? Chimbeni shimo. Kina chake sentimita sitini."

Tukachimba. Tramu ikajiingiza shimoni yenyewe, tukaifukia hadi madirishani, Tumsifu akaimwagilia maji ya chupa. Mara inachipua. Inarefuka kuliko mahindi ya masika, inatambaa kupanda kilima kama mche wa maboga, na kila tawi lina kiti. Tunakaa. Bibi Nakijwa anaagiza apewe tawi la dirishani.

"Mna mpaka saa kumi jioni," tramu ilisema ikiendelea kukua. "Hii ni wikendi, na wikendi ina mwisho. Upo kule chini, mtoni. Saa kumi Jumatatu inapuliza filimbi. Aliyevuka, amevuka. Asiyevuka atabaki wikendi."

"Ubaya wake nini?" aliuliza Eliapenda, ambaye ni mwalimu na Jumatatu ana vipindi sita.

Tramu ikaelekeza jani moja kwenye roshani. Palikuwa na mtalii mzee anaramba aiskrimu huku machozi yanamtoka.

"Miaka arobaini," ilisema tramu. "Hajamaliza."

Eliapenda akatazama saa yake.

Juu ya kilima tulikuta sanamu ya mtu wa shaba amepanda farasi. Mume wangu akatoa simu. "Ngoja niipige picha."

Yule mtu wa shaba akainama. "Nipigwe kwa kosa gani?"

"Si wewe, ni picha tu."

"Picha yangu ni mimi."

"Mpige," alisema farasi. "Ananikalia tangu nilipofuliwa."

Bibi akanivuta mkono. "Anasemaje huyu?"

"Anasema hataki kupigwa, Mama!" nilipaza sauti.

"Hataki kuvikwa? Ana haki. Amevaa vizuri hata hivyo, kofia hiyo inampendeza."

Mtu wa shaba akakaa sawa, akaigusa kofia yake, akasema tunaweza kumpiga mara mbili lakini isiwe usoni.

Ilipofika saa nane Bibi alichoka. Eliapenda na Tumsifu wakapanga foleni ng'ambo ya barabara kununua vikeki vya mayai, mimi nikamshika Bibi mkono tutafute pa kukaa. Mbele yetu palikuwa na jengo la mawe lenye ubaridi mzuri, na mlango mkubwa wa mbao uliochongwa.

"Karibuni kwenye igreja," ulisema mlango. Ndivyo wanavyoita kanisa huko.

Bibi akasimama. "Gereza?"

"Igreja," ulirudia mlango.

"Kanisa, Mama! Anasema kanisa!"

"Amesema gereza. Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Mlango ukashusha pumzi. "Likishasikika hivyo, limekuwa hivyo."

Ukajifunga nyuma yetu. Mabenchi yanasimama wima, yanakuwa nondo. Mishumaa inavaa kofia na kujipanga mstari, ni askari magereza sasa, wembamba wote na wakali. Nachungulia kwenye tundu la ufunguo. Mume wangu ana keki mdomoni.

"Baba Tumsifu! Tumefungwa!"

"Mmefunga? Leo? Basi nitakula na zenu!"

Nikaogopa. Kumbe tatizo la masikio ni la ukoo.

Nikaugeukia mlango, nikauliza tutatokaje.

"Sheria ni fupi," ulisema. "Aliyesikia gereza aseme kwamba hakusikia vizuri."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Watazame wale."

Kwenye kona walikaa wazee wanane wa mataifa mbalimbali, kila mmoja ameweka kiganja nyuma ya sikio. "Ati?" alisema wa kwanza. "Ati?" wa pili akamjibu. Ilionekana mazungumzo hayo ni ya muda mrefu.

Nikampigia Bibi kelele nikimweleza sheria. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu hadi mshumaa mmoja ukazimika. Ilikuwa saa tisa na nusu. Bibi akakaa chini, akapigapiga sakafu kando yake nikae. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mama Tumsifu. Jumapili ya Matawi mjukuu wangu aliimba peke yake mbele ya watu. Nilipiga makofi kuliko wote. Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa naangalia midomo yake."

Nikamsogelea zaidi.

"Mama yangu naye aliishiwa masikio. Mwanzoni tulikuwa tunapaza sauti. Baadaye tukaona tunajichosha. Mwishoni tulikuwa tunampita kama kiti. Na mimi nilikuwa mmoja wao."

"Sisi hatutafanya hivyo, Mama," nilisema.

Alikuwa amekazia macho midomo yangu. "Sema tena. Polepole."

Nikasema tena, polepole, bila kupiga kelele. Ndipo nikagundua kuwa kwa miaka sita sikuwahi kumwambia jambo lolote bila kupiga kelele, hata pole.

Bibi akaushika mkono wangu akainuka. Akaenda hadi mlangoni, akautazama juu mpaka chini.

"Sikusikia vizuri."

"Ati?" ulisema mlango.

"SIKUSIKIA VIZURI!"

Mlango ukafunguka. Wale wazee wanane wakapiga makofi, ingawa sidhani walijua ni kwa ajili ya nini.

Tunakimbia. Barabara inateremka, kisha inasahau na kupanda, kisha inakumbuka. Bibi ameshika viatu mkononi. Mto unaonekana, na kando ya mto kuna mstari mweupe, na kwenye mstari imesimama Jumatatu imevaa sare ya kijivu iliyopigwa pasi. Eliapenda na Tumsifu wametangulia, wako upande wa pili wanatupungia, midomo yao ina sukari.

Zimebaki hatua kumi. Jumatatu inapuliza filimbi.

Mimi nikasimama. Nimelelewa hivyo, filimbi ikilia nasimama. Bibi Nakijwa hakusimama. Alinikamata kiwiko, akanikokota kama mbuzi wa kununuliwa, akaendelea na safari.

"Nimepuliza filimbi!" ilisema Jumatatu.

"Ati?" alisema Bibi.

"Filimbi! Nimepuliza!"

"Sikusikia," alisema Bibi, kwa raha kabisa, na tukavuka mstari.

Jumatatu ikatoa kitabu cha kanuni mfukoni, ikapekua ukurasa kwa ukurasa ikitafuta kanuni ya mtu asiyesikia. Nilipozinduka bado ilikuwa inapekua.

Asubuhi nilikwenda jikoni. Mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda shuleni. Bibi Nakijwa alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi vitamu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu ndoto yangu. Nikachukua kisu, nikakaa karibu naye.

Tulimenya viazi viwili vitatu. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema:

"Mama Tumsifu. Yale niliyokwambia kule ndani, mwanangu asiyajue kwanza. Nitamwambia mwenyewe."

Kisu kikasimama mkononi.

"Kule ndani wapi, Mama?" nilimuuliza, polepole, bila kupiga kelele.

Akaitazama midomo yangu mpaka nikamaliza. Nilimwona ameelewa kila neno.

"Ndiyo," alisema, akachukua kiazi kingine. "Hivi vinatosha."