Ala ya Kisu cha Maître Muhindo

Ngozi mbichi ya ng'ombe ina harufu inayoingia mdomoni kabla haijafika puani. Sikulijua hilo mpaka nilipotimiza miaka hamsini na minne, nikajiandikisha katika masomo ya jioni ya kazi ya ngozi, kwenye ukumbi mmoja hapa mtaani kwetu, Makomeno. Nilisali novena nzima, siku tisa, kabla ya kwenda. Nilimwomba Mungu anipe ufundi mmoja tu wa mikono yangu kabla hajaniita. Sikumwomba aizibe pua yangu, na hapo nilikosea.

Maître Muhindo, fundi aliyetoka Butembo, alituambia siku ya kwanza: "Mwezi moja. Ule atatengeneza nyumba ya kisu muzuri, atabakia. Ule itamushinda, kiti yake napatia mwingine. Bantu benye kungojea beko mingi."

Nyumba ya kisu ndiyo ala. Sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani kile kiti.

Lakini kazi ilianza na kukwangua. Ngozi ililazwa juu ya gogo, upande wa ndani ukiangalia juu, mafuta ya njano na vipande vya nyama vimeishikilia kama makamasi. Wenzangu walikwangua kwa mikono mitupu. Mimi nilivaa gants, glavu za mpira, mbili mbili, nikafunga leso puani, nikageuza uso na kusema Salamu Maria mbiombio.

"Mama Germaine," alicheka Chance, fundi wa pikipiki aliyekaa kando yangu, "uko nasali ngozi ifufuke? Ikifufuka, itatukanyaga shiye bote!"

Mwishowe Chance ndiye aliyemaliza sehemu yangu, kwa huruma, Maître akiwa nje. Hata hivyo harufu ilinifuata. Nyumbani nilisugua vidole kwa sabuni na ndimu, na kila nilipofinyanga tonge la bukari, ugali wetu, nilimsikia ng'ombe yule. Katika kundi letu la sala, Mama Kahambu alisogeza kiti chake pole pole, akijifanya anatafuta mwangaza.

Juma la nne Maître alitugawia ngozi zilizokwisha kulowekwa katika magome ya miti. Zilikuwa safi, za rangi ya kahawia. Nilikata na kushona ala yangu vizuri, mshono umenyooka. Ilibaki kuipa umbo. Maître akanikabidhi kisu chake mwenyewe.

"Hii ni ya baba," alisema. "Unapakaa mafuta ya ng'ombe kwenye chuma yote. Ngozi unaitia mu maji, unaingiza kisu, unakamua na vidole mpaka ngozi inashika sura yake. Unaacha ikauke."

Ndani ya kopo la mafuta mlikuwa na manyoya ya ng'ombe. Nilifunga kifuniko. Na maji ya beseni, ambamo sote tulilowesha, yalikuwa na utando juu yake kama supu iliyolala. Katika mfuko wangu mlikuwa na chupa ya maji ya baraka. Nikajiambia kwamba kitu kichafu kioshwe na kitu kitakatifu. Nikaimimina yote juu ya ngozi, nikaingiza kisu bila mafuta, nikaikamua kwa vidole. Ilionekana kama imani. Kwa kweli kilikuwa kinyaa.

"Ulipakaa mafuta?" Maître aliuliza.

"Nilipakaa, Maître."

Kesho yake jioni alichomoa kisu. Chuma kilikuwa na kutu ya rangi ya machungwa, na ngozi imeiva weusi kama jeraha bovu. Maître alinusa ala. Kisha akatoa ulimi akailamba, ulimi mzima, polepole.

"Mumunyu," alisema, yaani chumvi. "Nani alitia mumunyu mu maji?"

Wote wakamtazama Chance.

"Apana miye!" alipiga kelele. "Miye natiaka mumunyu mu sombe ya kula tu!"

Ningenyamaza, yeye ndiye angefukuzwa. "Ni mimi," nilisema. "Ni maji ya baraka. Padri anapoyabariki hutia chumvi, nami sikufikiri. Na mafuta sikupakaa. Nilikudanganya."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Ilinichukiza, Maître. Kazi yote inanichukiza."

Aliifuta midomo kwa mkono wa shati. "Kutu ya kisu nitaisugua na jiwe. Lakini we unatafuta ngozi yenye haikukuwa nyama hata siku moja. Ile haiko. Kesho kunafika moja ya abattoir. Iko yako peke yako, bila gants. Ikikushinda, rudia kwako na amani."

Ilifika kutoka machinjioni bado vuguvugu kidogo, inzi juu yake. Nilifanya ishara ya msalaba nikaweka viganja. Mafuta yalipenya chini ya kucha. Nilikwangua mpaka shingoni, nikatoka kutapika nyuma ya ukumbi, nikasukutua mdomo, nikarudi. Sikusali kinyaa kiniondokee, kwa sababu hakikuonyesha dalili ya kuondoka. Nilisali mikono isisimame. Haikusimama.

Maître alikuja, akapitisha kiganja upande wa ndani wote, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Akasimama karibu na kwapa la mguu wa mbele.

"Hapa kumebakia."

Niliondoa utando mdogo uliobaki kwa ukucha wa kidole gumba. Alitazama, akakohoa.

"Bon. Kesho anza nyumba ingine ya kisu," alisema. "Na ukuje na kisu yako mwenyewe. Yangu, Mama, hautaigusa tena."