Hodi kwenye Boti ya Faiba

Mchana wa Jumamosi iliyopita Nyabise aliota kwamba vifaa vyake vimeitisha kikao bila kumwalika.

Kwanza ijulikane vilikuwa vifaa gani. Nyabise ni mshonaji wa sare za shule, mkazi wa Makoko pale Musoma. Mumewe, Mafuru, alikuwa nahodha wa boti ya faiba, plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, iliyokuwa ikivusha walimu, wagonjwa na magodoro kwenda visiwani. Boti yenyewe inaitwa Asante Shemeji, kwa kuwa aliyewapa ni kaka yake Nyabise. Mafuru alipopatwa na kiharusi, boti ilivutwa hadi uani, ikawekwa juu ya matairi, na hapo ikabaki. Mkono wake wa kushoto ulirudi taratibu, mguu ukarudi kiasi, maneno yakarudi yote. Hamu ndiyo haikurudi. Kutwa alikaa barazani akiitazama boti kama mtu anayetazama basi lisiloelekea kwake.

Wiki nzima Nyabise alikuwa akikusanya kimyakimya vifaa vya kuitengeneza boti: grenda ya kuazima kwa fundi wa magari, msasa wa kila namba, nyundo ndogo, barakoa, brashi, galoni ya resini, gundi nzito ya faiba, na kichupa cha hadena, ile dawa ya kuigandisha. Alivipanga kwenye meza kando ya cherehani, akavifunika kwa kitambaa cha sare. Alitaka kumwambia mumewe Jumamosi hiyo wakinywa chai. Lakini Mafuru alimuwahi.

"Mama Magita, Sasita anakuja jioni na msumeno. Nimemwambia aichukue boti. Ataikata katikati apate vihori viwili vya kulishia ng'ombe wake."

"Umemwambia lini?"

"Jana. Si chuma chakavu tu kile?"

Nyabise aliingia jikoni. Alipika, wakala, akaosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida yake, kisha akajilaza kwenye mkeka kando ya cherehani. Usingizi ulimkuta hapo.

Kikao kimeshaanza. Nyundo ndogo ndiyo mwenyekiti.

"Mjumbe aliyechelewa atoe sababu," nyundo inasema.

"Nilikuwa naosha vyombo."

"Sababu imepokelewa. Avae barakoa."

Nyabise anavaa. Grenda inasimama kusoma kanuni. Inaanza kwa kueleza, kwa masikitiko, kwamba yenyewe ni ya kuazima na kwa hiyo haipigi kura. Kisha inasoma: hakuna kazi ya faiba bila barakoa. Nyabise anachungulia dirishani. Kuku wote wamevaa barakoa. Tenki la maji limevaa. Hata geti limevaa, na likifunguliwa linakohoa badala ya kulia.

"Kanuni ya pili," grenda inaendelea. "Boti ikaushwe kwanza. Faiba mbichi haishiki kitu."

"Mbona mvua haijanyesha?"

"Si mvua," nyundo inasema. "Inalia. Twendeni tukaione."

Wanatoka, lakini nje ya mlango si uani tena. Ni wodi ya wanaume, ile ile aliyolazwa Mafuru. Asante Shemeji imelala kitandani, imefunikwa shuka hadi ubavuni, na pua yake imelazwa juu ya mto. Dripu imechomekwa kwenye pete ya kufungia kamba. Chini ya kitanda kuna dimbwi.

"Pole," Nyabise anasema.

"Nimeshapoa," boti inajibu.

"Unalia nini?"

"Ameniita chuma chakavu. Mimi si chuma."

"Najua. Wewe ni faiba."

"Angesema faiba chakavu nisingelia. Mtu mmezeeka pamoja, halafu hajui hata umetengenezwa kwa kitu gani."

Nyabise anavua kanga ya mabegani na kuanza kuifuta. Kazi inachukua muda, maana akimaliza upande mmoja boti inakumbuka jambo jingine. Siku waliyoisahau kwenye jua. Injini iliyofunguliwa ikauzwa bila hata kuagana. Nyabise anaitikia kila jambo, "Ni kweli, ni kweli," kama anavyowaitikia wazazi wanaolalamikia kaptula zinazobana. Hatimaye boti inatulia. Muuguzi wa zamu, ambaye ni ndoo, anaipapasa.

"Imekauka," anasema. "Mnaweza kugonga."

Nyabise anajua kidogo habari ya kugonga. Mafuru alimwonyesha zamani: faiba nzima ukiigonga hulia kwa sauti kali, na iliyooza ndani hunung'unika. Lakini nyundo inamrekebisha.

"Huku hatugongi hivyo. Bisha hodi. Penye uzima, wenyewe wataitika."

Nyabise anagonga puani. "Hodi?"

"Karibuuu!" Ni sauti za darasa zima, kama vile mwalimu ameingia.

Anagonga ubavu wa kulia. "Hodi?"

"Karibu, ila angalia godoro langu," anajibu mama mmoja.

Ubavu wa kushoto wanasema karibu, wako mezani. Sakafuni wanasema karibu, vua viatu. Nyabise anazunguka hadi nyuma, pale injini ilipokuwa ikifungwa.

"Hodi?"

Kimya.

"Hodi hapa?"

Hata pumzi haisikiki. Nyundo inachora duara kwa penseli.

"Ubao wa kushikia injini, ulio ndani ya faiba, umeoza," inasema.

"Hapa tu?"

"Hapa tu. Kwingine kote umesikia mwenyewe, watu wapo."

Nyabise anakaa ukingoni mwa kitanda. Boti nzima ilikuwa inahukumiwa kwa ajili ya ubao mmoja.

Msasa unaingia wodini ukiwa umepanga foleni kwa umri. Namba Arobaini ndiye kaka mkubwa, ana ngozi mbaya na sauti mbaya zaidi. Namba Mia Mbili ni kitindamimba, laini kama shavu.

"Shikamoo," Nyabise anamwambia mkubwa.

"Marahaba. Usimtangulize mdogo wangu. Akitangulia ataisha bure na kazi haitaonekana."

Nyabise anamshika mkubwa na kuanza kusugua. Rangi ya bluu inatoka. Chini yake kuna kijani. Anasugua kijani, na chini ya kijani hakuna rangi nyingine, kuna mchana wa Jumanne.

Anainama, anachungulia. Ziwa limetulia, jua ni kali. Mafuru amesimama nyuma ya boti, kijana, ameshika mpini wa injini kwa mkono wa kushoto na anaimba vibaya sana. Katikati ya viti amelala mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Anamtukana mumewe, ambaye hayupo.

"Vumilia dada yangu!" Mafuru anapaza sauti. "Daktari namuona pale!"

Hamuoni daktari. Haoni hata nchi kavu. Lakini mwanamke anamwamini, anang'ata ncha ya kanga, anavumilia.

"Baba Magita!" Nyabise anaita kupitia tundu.

Kijana anageuka. Anamtazama kwa adabu, kama mtu asiyemfahamu.

"Shangazi, tafadhali ziba hapo. Maji yataingia."

Nyabise anaziba kwa kiganja. Hajawahi kuitwa shangazi na mumewe, na hajui kama anataka kucheka au kulia, kwa hiyo anabaki ameziba.

Anapoinua kiganja, wodi imekuwa ukumbi wa harusi. Bibi harusi ni Resini. Ni mzito, anang'aa, na anatembea polepole kiasi kwamba nyimbo zinamalizika kabla hajafika. Bwana harusi ni Hadena. Ni mfupi, kichupa tu, lakini wageni wanampisha kwa hofu. Mshereheshaji ni brashi.

"Ndugu waalikwa," brashi inasema, "hawa wakishachanganyika hakuna kurudi nyuma. Kamati ya chakula, harakisheni!"

Wanachanganyika. Hapo hapo ukumbi unaanza kuganda. Mjomba mmoja aliyekuwa akicheza anaganda mguu ukiwa hewani, vijana wanambeba na kumweka kona ambayo hatasumbua watu. Wanaopiga makofi wanaganda viganja vikiwa havijakutana. Barakoa ya Nyabise nayo inaganda, inakuwa ngumu kama bakuli.

Keki inaletwa. Ni Asante Shemeji, imepambwa maua ya plastiki. Sasita anaifuata, amevaa suti, msumeno wake una utepe mwekundu.

"Nitakata katikati kabisa," anawatuliza watu, "ng'ombe wote watapata."

"Mwenye pingamizi aseme sasa," brashi inatangaza, "kabla hajakauka."

Nyabise anapiga kelele. Ndani ya barakoa sauti inazunguka na kumrudia masikioni. Anawatazama waalikwa, hakuna anayegeuka. Kwenye meza kuu ameketi Mafuru, amefungwa tai, anaitazama keki kwa macho yale yale ya barazani.

Nyabise anaichukua nyundo.

"Taratibu," nyundo inanong'ona. "Hapo si faiba."

Anamgonga Mafuru bega la kulia. "Karibu," inajibu sauti ya adabu, sauti ya kupokea wageni. Anagonga bega la kushoto.

Kimya.

Anagonga tena. Kimya. Sasita ameshaweka meno ya msumeno kwenye ukingo wa boti, anapima kwa jicho moja. Nyabise anagonga mara nyingine, kisha anaweka sikio begani. Kwa mbali sana, kama chumba cha mwisho cha nyumba ndefu, mtu anasema, "Nani?"

Hawezi kujibu. Kwa hiyo anagonga vile anavyogonga mlango wa chumbani akiwa amebeba chai, vidole kwanza, halafu kiwiko.

"Aa, ni wewe," sauti inasema. "Ingia. Sukuma kwa nguvu, mlango umevimba."

Nyabise anaiacha nyundo, anasukuma kwa mikono miwili. Msumeno unaanza kulia. Anasukuma.

"Mama Magita! Mama Magita, unanisukuma wapi?"

Mafuru alikuwa ameinama juu yake kumwamsha, naye alikuwa amelikandamiza bega la mumewe kwa viganja vyote viwili. Nje getini Sasita alikuwa anapiga hodi. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa choo.

"Samahani," Nyabise alisema, akaketi. "Nilikuwa naota."

 Mafuru alikuwa anaitazama mikono ya mkewe. Kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko ilikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo, na ndani ya vumbi vilimetameta vinyuzi vidogo kama vya kioo. Nyabise akaanza kujikuna.

Mafuru akaushika mkono mmoja, akaunusa.

"Faiba," alisema. "Imesuguliwa sasa hivi."

Nyabise akatazama mezani. Kitambaa kilikuwa bado kimefunika vifaa. Alipokifunua, msasa ulikuwa ndani ya nailoni yake, haujafunguliwa hata kona. Mafuru naye aliona. Aliona na grenda, na nyundo, na galoni, na kila kitu kilichokusanywa wiki nzima bila yeye kujua.

"Imeoza nyuma tu," Nyabise alisema. "Pale penye injini. Kwingine kote ni nzima."

"Umejuaje?"

"Nimegonga."

"Hodi wenyewe!" Sasita aliita kwa mara nyingine.

"Subiri, Sasita!" Mafuru alijibu, kisha akamshika mkewe mkono uliokuwa unakuna. "Acha kujikuna. Unavisukumia ndani. Na usitumie maji ya moto, yanafungua ngozi. Faiba huoshwa kwa maji ya baridi. Kaa hapo hapo."

Akatoka mwenyewe, akiburuta mguu kidogo, akarudi na beseni limejaa, amelibeba kwa mikono yote miwili na maji yakimwagika kila hatua. Aliketi sakafuni, jambo ambalo tangu augue hakuwa amelifanya, akaanza kummwagia maji kutoka kwenye viwiko kushuka chini, bila kusugua.

Sasita alichoka kusubiri, akaingia hadi mlangoni, msumeno begani.

"Vipi, nahodha? Naanza kukata?"

"Hapana, bwana," Mafuru alisema bila kuinua uso. "Ng'ombe wako watafutie kihori kingine. Mke wangu ameshaanza kazi."