Lwanika, Mji wa Mado

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 21 Februari 2023. Mvua ilikuwa inanyesha Lubumbashi tangu asubuhi, na taksi iliyombeba Mado, mgonjwa, kwenda hospitali ilifika kwenye korongo la mtaa wa Hewa Bora ikasimama.

Daraja la pale lilikuwa limezinduliwa mara mbili. Mara ya kwanza wakubwa walikata utepe. Mara ya pili walileta na fanfare, tarumbeta na ngoma zake. Kitu walichosahau kuleta ni daraja lenyewe. Dereva alitazama maji yanavyopita, akazima injini asimalize mafuta bure, na Mado akafa kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani pa mume wake Gérard. Hospitali ilikuwa inaonekana ng'ambo, hata rangi ya mapazia yake.

Siku hiyohiyo mji wa Lwanika ulibaki bila mtu wa kuueleza.

Lwanika ulikuwa mji wa mchezo. Jirani yao Aristote, mwalimu wa sekondari, alikuwa amejipatia sanduku lenye dadu za pande nyingi na kanuni zake: mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu ndani ya masimulizi, wapiga panga, waganga, wezi wa usiku, kisha dadu zinasema kama wameweza au wameshindwa. Ila kitabu cha kueleza nchi yenyewe, mitaa yake na watawala wake na maji yake yanatoka wapi, hakikuwemo. Kiliuzwa peke yake, huko mbali. Basi kila Jumapili baada ya misa Mado, ambaye kazi yake ilikuwa kushona, aliketi nyuma ya cherehani akautoa mji kichwani mwake. Aristote alitembea humo miaka na miaka, pamoja na Wivine muuza vitumbua wa soko la Kenya, mtaa wa hapohapo Lubumbashi, na Chama mwenye pikipiki ya kubeba watu. Gérard hakucheza. Alikaa nje chini ya dirisha na redio yake, akaipunguza sauti.

Mazishi yalipopita, watu wa Lwanika walianza kufika nyumbani kwake.

Wa kwanza alikuwa mpiga kengele wa soko lao, mwanamume wa upande wa kushoto tu. Mado alimtaja mara moja akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, na nusu ya ndani hakuirudia. Alisimama uani kwa mguu mmoja, akavua kofia.

"Pole, Papa Gérard. Mama Mado alinisema nusu, kisha akaenda. Sasa miye nitafanya namna gani?"

"Ikala kwanza," Gérard alimwambia, akimwonyesha pa kukaa. "Kiti njo ile."

Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye duka ambalo lilikuwa mlango tu, akiubeba mgongoni. Wakaja mapacha wenye jina moja kati yao. Wakaja askari wa zamu waliojua kulala na hawakujua kuamka. Walikaa kwenye viti vya plastiki vya matanga, wakala bukari, ugali wa kwao, pamoja na wafiwa, wakanywa munkoyo wa mahindi. Majirani hawakuwa na neno, isipokuwa la choo.

Lakini walikuwa wanapungua. Asubuhi moja mwenye mlango hakukumbuka mtaa wake. Kesho yake pacha mmoja hakuwapo, na kiti chake kilikuwa bado na joto.

"Inatakiwa livre, Papa," Aristote alisema. "Livre ya inchi nzima, mutaa kwa mutaa. Bila ile, batamalizika wote."

Gérard aliacha shule darasa la nne, na maisha yake yote hakuwahi kutamani kitabu. Sasa alikitamani kama mtu anavyotamani maji kwenye homa. Kila kitu Mado alichokiacha duniani kilikuwa kimekaa uani pale, na kilikuwa kinaisha. Aristote aliwaandikia wenye mchezo wao, wakajibu kwa adabu kwamba Lwanika si mojawapo ya nchi wanazozijua. Gérard mwenyewe alikwenda kwa wenye ofisi kuomba mtu wa kuandika. Walimwambia arudi Alhamisi. Hawakusema Alhamisi gani. Ndivyo walivyo, hata siku za wiki wamezila.

"Basi mji tutausema wenyewe," alisema aliporudi. "Siku ya kuondoa matanga."

Siku hiyo, kwa desturi yao, kila mwenye neno la marehemu husimama akalisema, na anayesema hakatizwi, hata akidanganya. Lililosemwa pale limesemwa.

Wivine alisimama wa kwanza. "Huyu wa kengele, upande yake ya kuume iko muzuri. Muzuri kupita bwana yangu, na bwana yangu eko hapa anasikia."

"Na eko murefu," Chama aliongeza akisimama naye. "Murefu sana."

Hawakuwa wamepatana, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasahihisha. Upande wa kulia ulitoka umepita wa kushoto kwa kichwa kizima. Mpiga kengele alizunguka ua mara moja akichechemea, akashukuru.

"Kuko bantu benye kukosa yote mbili," alisema.

Aristote alisema mitaa na mabomba. Alisema kwamba Lwanika, umeme ukikatika kwenye nyumba, mkubwa wa umeme huja na godoro lake akalala humo mpaka taa iwake. Watu waliinamisha vichwa kwa heshima. Mwenye mlango alipata duka, likajaa chumvi na vitambaa. Pacha aliyepotea alionekana kwenye kiti chake, akauliza kama bukari imebaki.

Gérard alisimama wa mwisho. Hakuwahi kusema mbele ya watu, lakini siku ile kifua kilimtangulia.

"Bibi yangu hakukuwa na serikali," alisema. "Hakukuwa na budget. Alikuwa na cherehani. Sasa muangalie mji yenye alijenga, na mulinganishe na ya bale benye kupewa kila kitu."

Kisha akalieleza daraja la Lwanika, jiwe kwa jiwe, kama alivyolisikia dirishani: matao matatu, upana wa malori mawili, na mlinzi wake Christiane, mwanamke mzee anayemuuliza kila mpitaji swali moja lililo la kwake. Asiyejibu hapiti.

Asubuhi daraja lilikuwa juu ya korongo la Hewa Bora. Christiane alikuwa mwanzoni mwake, kwenye kigoda. Watu wa Lwanika walivuka kwenda kwao, mpiga kengele akiwa mbele. Baada yao mtaa nao ukaanza kuvuka kwenda kazini.

"Bitumbua ya jana unauzishaka sawa ya leo?" Christiane alimuuliza Wivine.

"Kidogo tu, mama."

"Pita."

Gérard aliulizwa daraja hili ni la nani. "Ya Mado," alijibu. Aliulizwa hivyohivyo kila siku, na kila siku alipaza sauti zaidi, mpaka wa ng'ambo wakajua kumjibu pamoja naye.

Habari zilipofika juu, wakubwa walikuja na utepe wa tatu. Waliweka jiwe lenye jina la mkubwa wa barabara. Mkubwa huyo alieleza jinsi alivyoona mbali. Gérard alisikiliza hotuba yote, amevaa koti la mazishi, shingo imesimama. Utepe ulikatwa, watu wakapiga makofi kwa sababu mikono haina akili, na mkubwa akaelekea kuvuka.

Christiane aliinuka, akamuuliza swali lake.

Mkubwa alitabasamu. Aliwatazama watu wake, nao wakatazama viatu. Alisema suala hilo litaundiwa tume. Christiane hakusogea. Magari yakageuka, yakazunguka kwa barabara ya mbali, na jioni televisheni ikaonyesha kwamba mkubwa alivuka.

Jiwe lenye jina lake bado lipo. La Mado halipo. Hewa Bora inavuka kila siku, ila Christiane hajaketi tena. Magari ya wakubwa yakipita kule kwenye lami ya ile barabara ya mbali, huwageukia, akauliza bila kupaza sauti, kama anayeulizia bei ya chumvi: "Ni nani alikufa akikungojea?"