Bolti Juu ya Rangi

"Kiziwi! Na leo nakuita hivyo mbele ya watu, Kiziwi mkubwa wewe!"

Mama Mapacha alikuwa amesimama katikati ya ua, beseni la nguo kiunoni, kidole kimemwelekea dereva wa gari la wagonjwa anayekaa chumba cha tatu. Dereva alikuwa mlangoni kwake na sare yake, ufunguo mkononi. Alikuja mapumziko ya mchana apate tonge, na tonge lenyewe halikuwa limeshuka.

"Dada, nikuapie mara ngapi? Redio ya upepo ya garini ilikuwa inalia mbinja. Sikusikia neno."

"Unaitwa saa moja unusu, unaitwa saa mbili, unaitwa saa tatu! Hospitali nzima inakuita kama mtoto aliyepotea sokoni, wewe unatalii na gari! Siku ile mume wangu kalala sakafuni masaa matatu, mdomo unakwenda upande namwona kwa macho yangu!"

"Nilikuwa barabara ya mlimani, dada, nimefuata dawa. Kule simu hazishiki. Na betri ilikuwa imechoka, ningezima injini nisikilize, nani angenisukuma?"

"Masikio ndiyo yaliyochoka, si betri."

Watu wakacheka kidogo, cheko la aibu. Ua ule una vyumba vinane na ugomvi wake haujawahi kukosa watazamaji. Jirani wa chumba cha sita alikuwa anaosha kijiko kimoja tangu beseni lilipotua kiunoni.

Aliyenyamaza ni mmoja tu. Fyuzi, fundi umeme wa magari, alikuwa juu ya kigoda chake, mota ya starta katikati ya miguu, kichwa chini. Siku nyingine yoyote angekuwa amekwisha kutia chumvi, pilipili na ndimu. Lakini hilo jina Kiziwi alilitunga yeye.

Ilikuwa hivi. Miezi miwili nyuma gari la wagonjwa lilirudi kutoka kupakwa rangi, jeupe pe, na hospitali ikamwita Fyuzi alifungie redio ya upepo, ya kuitiana na dereva. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Mganga mkuu akamwambia, "Fundi, nisione mkwaruzo hata mmoja." Sasa waya wa bodi, ule unaofunga redio na chuma cha gari, unataka chuma kitupu, la sivyo redio inalia injini ikiwaka; unakwangua rangi kwanza ndipo unakaza bolti. Fyuzi analijua hilo kama anavyojua njia ya chooni. Siku ile akakaza bolti juu ya rangi. Na umeme wa redio, badala ya kuuvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaudokoa nyuma ya dashibodi, palipokuwa karibu. Kisha akaijaribu redio injini ikiwa imezimwa. "Moja mbili, moja mbili!" Sauti ikatoka safi kama mtu kasimama dirishani. Mgeni rasmi akapiga makofi, na Fyuzi akapigwa picha.

Mara tatu dereva alimfuata. "Fundi, nikikanyaga mafuta inalia." Mara ya tatu walikuwa kwa kinyozi, watu wamejaa, na Fyuzi akataka kuchekesha: "Redio nzima ile. Peleka masikio gereji, Kiziwi we!" Kinyozi mwenyewe, Baba Mapacha, alicheka hadi mkasi ukamponyoka. Jina likashika siku hiyohiyo.

"Kesho saa nne naitwa kwenye kikao," dereva alikuwa anasema sasa, sauti imeshuka. "Barua ya kunifukuza imeshachapwa, karani kaniambia. Miaka kumi na tisa." Kisha akageuka. "Fyuzi. Wewe ndiye uliyeifunga. Waambie."

Macho ya ua mzima yakahamia kwenye kigoda.

"Mimi niliijaribu mbele ya mganga mkuu," Fyuzi akasema, anaiambia starta. "Ilikuwa safi. Watu walipiga makofi."

"Umesikia?" Mama Mapacha akamrukia dereva. "Fundi mwenyewe huyo!"

Hapo ndipo ilipotoka sauti mlangoni mwa chumba cha kwanza.

Baba Mapacha alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichoazimwa. Huyu ndiye aliyekuwa anakunyoa nusu kichwa, halafu anakuacha hivyo mpaka amalize hadithi. Wiki ya tano sasa hana hata neno moja.

"Zzziii," akafanya. Akainua mkono wa kushoto, na sauti ikapanda nao, nyembamba, inakwaruza meno. "Zzziiiiii!" Akaushusha mkono, sauti ikashuka. Akaupandisha tena.

"Basi, mume wangu, basi," mkewe akamkimbilia na kitambaa. "Mnaona mlivyomtibua?"

Hakuna aliyeelewa ila Fyuzi. Mtu huyu, alipofuatwa mwishowe, alilala nyuma ya gari lile njia nzima, nusu ya mwili imeshazima, akaisikiliza oltaneta, dinamo inayochaji betri, ikilia ndani ya redio: gari likipanda mlima nayo inapanda, likishuka nayo inashuka. Na alikuwa anamtazama Fyuzi, si mwingine.

Angeweza kukaa kimya. Nani angechukua ushahidi wa mtu asiye na ulimi?

Akaiweka starta chini. "Nipe ufunguo," akamwambia dereva.

Gari lilikuwa limeegeshwa getini. Ua wote ukamfuata, hata mwenye kijiko. Fyuzi akawasha injini, akafungua redio, akakanyaga mafuta. *Zzziiii.* Akaachia, ikashuka. Akakanyaga. Mle ndani ya mbinja, mbali sana, kulikuwa na mtu wa hospitali akiita namba ya gari, na hakuna aliyeshika hata tarakimu moja.

Mama Mapacha aliliacha beseni likaanguka.

Fyuzi akazima, akafungua bolti, akatoa kisu mfukoni. Chenga nyeupe za rangi zikamwangukia magotini. Chuma kilipong'aa akakaza waya, kisha akavuta waya mwingine, mnene, na fyuzi yake, mpaka kwenye betri. Akawasha, akakanyaga hadi bodi ikatetemeka. Injini ikanguruma, lakini redioni: "Dereva, dereva, upo? Jibu." Kila herufi.

"Nipo," dereva akajibu, na machozi yakamtoka.

"Umetumia muda gani?" Mama Mapacha akauliza taratibu.

"Robo saa."

"Robo saa." Akatazama kisu. "Na hicho ndicho ulichokosa? Kisu?"

"Sikukikosa. Kilikuwa mfukoni." Fyuzi alitamani mama huyo amtukane. "Kesho nitakwenda kikaoni. Nitasema niliikaza juu ya rangi. Kazi za hospitali wampe mwingine."

Mama Mapacha alimgeukia dereva. "Shemeji," akasema, na neno hilo hakuwa amelitumia kwa wiki tano, "chakula chako kimepoa. Njoo ule kwetu." Wakaingia.

Fyuzi alibaki kizingitini, anatafuta pa kutazama. Ndani sinia lilikuwa limetua. Baba Mapacha alimwangalia kitambo, jicho moja kavu, lingine linatiririka lenyewe. Kisha akaupiga mkeka kwa mkono wa kushoto, pale pembeni yake.

"Hapana," mkewe akasema. "Huyo hapana."

Akaupiga tena, kwa nguvu zaidi.

Mama Mapacha alichota kata ya maji, akaiweka kizingitini.

"Unaitwa, Fyuzi," akasema mwishowe, bila kumtazama. "Au na wewe husikii? Nawa mikono, uingie ule."