Uwanja wa Waithera

Saa tatu asubuhi Kabura alikuwa amefika Kitale, amesimama kwenye shamba la Kigen ng'ambo ya mtaa wa Tuwan, anatabasamu peke yake. Ungemwona ungesema amekuja kuposwa. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, muuza nafaka wa Kanduyi, Bungoma, ambaye wateja humwogopa kwa ukali wa bei, lakini hapo alikuwa laini kama uji.

Nusu ekari ile baba yake aliipata wakati shamba la mzungu lilipogawanywa, Kabura akiwa bado anabebwa mgongoni. Waliishi hapo mpaka vurugu za uchaguzi zikawafukuza, baba akauza kwa bei ya kutupa, naye Kabura akaangukia Bungoma. Watu wa Bungoma walimpokea vizuri, hana neno nao. Ila moyo ulikataa kuhama. Kila jioni akifunga duka alikuwa anauona uwanja wa marehemu mama yake, Waithera, umefagiwa mpaka unang'aa. Sasa Kigen, mwenye shamba wa siku hizi, alikuwa anauza. Kabura alitaka kununua, ajenge palepale, azeekee hapo. Basi.

Chama cha akiba na mikopo ndicho kilichomletea balaa. Kilikataa kutoa mkopo kabla udongo haujapimwa, ati mashamba ya zamani yana mambo yake. Ndiyo maana Edinah, mtaalamu wa mazingira kutoka Kabuchai, alikuwa hapo na buti zake na kifaa chenye umbo la bunduki, kinachosoma sumu iliyo udongoni.

"Mama, mashine inaona tu pale ninapoielekeza," Edinah alisema. "Wewe ndiye umekaa hapa. Palikuwa na nini? Stoo ya dawa? Tangi la mafuta? Josho la ng'ombe?"

Josho Kabura alilijua. Mzungu alikuwa akiogeshea ng'ombe wake humo wasishikwe na kupe, na baba yake alilifukia kwa mawe. Lakini alishauona mkopo ukipotea hivihivi.

"Josho? Aa, wapi! Mahindi tu, mwanangu."

Edinah akapima kule upande wa juu wa shamba. Safi. Akapima kando ya ua. Safi. Kabura akachangamka, na huyu mama akichangamka, jamani, hana breki. Akamshika Edinah mkono, akamvuta mpaka katikati ya shamba.

"Uwanja wa mama ndio huu! Tulikuwa watoto sita, tulikula hapa chini, tukaanika mahindi hapa. Majirani walishinda wakipalilia nyasi uwanjani kwao, sisi jembe la uwanja hatukulijua. Hapakuota hata jani moja! Mama alionewa wivu mpaka kanisani."

Edinah akaacha kuandika. "Hata wakati wa mvua?"

"Hata mvua inyeshe namna gani!"

"Si hata mimi nimepanda mahindi hapo mara tatu," akadakia Kigen, aliyekuwa amesimama kando. "Yanakauka, bana. Nikalaumu mbegu."

Edinah akachutama, akabana kifaa chini, akangoja. Akasogea, akapima tena. Akapima mara ya tatu. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mama, josho lilikuwa wapi?"

Angeweza kukana tena. Alitaka kukana, Mungu anajua. Lakini mkono uliinuka wenyewe ukaonyesha. "Pale. Maji machafu yalikuwa yanamwagwa huku."

"Dawa ya kupe ya siku hizo ilikuwa na aseniki, sumu kali. Haiozi, mama. Maabara itathibitisha, lakini hizi namba ni mbaya sana. Kule juu unaweza kujenga. Hapa hapana, labda udongo huu uchimbwe kina cha kiuno, ubebwe, uletwe mwingine."

"Na mkishaubeba, mimi nitakuwa nimenunua nini?"

Kigen alisema wanaweza kuongea bei, na alisema kwa roho safi, lakini Kabura hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti, ameshika udongo kwa mikono miwili. Alimtaka mama yake. Alimtaka atokee na ufagio, amgombeze kwa kukanyaga palipofagiwa.

"Mama, uache," Edinah alisema. "Tafadhali, usiushike."

Akamwinua, akaleta jerikeni na kipande cha sabuni, akamwagia maji. Kabura akasugua, maji mekundu yakatiririka kwenye viatu vyake vya safari.

"Kucha pia, mama. Utakuja kushika chakula."

Kabura alisugua kucha, moja moja, kwa utiifu wa mtoto. Halafu machozi yakamshinda, akalia mbele yao wote wawili bila haya.

"Alitulea hapa sote sita," alisema. "Na hakuna mtu alimwambia atunawishe."