Wingi wa Chief

Evelina Shigela alikiona kijitabu hicho kwa mara ya kwanza kwenye steshenari ya Elias pale Igogo, alikokwenda kutoa kopi za jaribio. Vijitabu vingi vilikuwa vimepangwa juu ya kaunta, jalada la bluu, vimeandikwa Nomino za Kiingereza kwa Darasa la Saba: Aina, Jinsia, Umoja na Wingi. Chini kulikuwa na jina la Mwalimu Nestory Otuoma. Alichukua kimoja, akakifungua katikati akiwa amesimama, na sentensi ya kwanza aliyokutana nayo ikamsahaulisha kopi zake.

"Bull wa mzee Kashindye alivunja uzio, cow wake akabaki zizini."

Mzee Kashindye alikuwa jirani wa wazazi wake kule Misungwi. Sentensi hiyo aliitunga Evelina mwenyewe miaka tisa iliyopita, ili wanafunzi wasichanganye nomino za kiume na za kike. Chini yake aliongeza onyo kwamba wasiandike ox kuwa dume la cow, kwa kuwa ox ni maksai na maksai hazalishi. Onyo nalo lilikuwamo humo, neno kwa neno. Akarudi nyuma hadi kwenye nomino za pekee. Mfano wa kwanza ulikuwa Selestina, jina la marehemu mama yake.

Alilipa kopi zake, akanunua na kijitabu, akatoka bila kuaga.

Yeye na Nestory walikuwa wamefundisha shule moja kwa miaka sita. Meza yao ilikuwa moja, na mara nyingi walikula makande kwenye bakuli moja. Mama yake alipougua, Evelina aliomba ruhusa, akakaa naye wodini wiki saba. Vipindi vyake alimwachia Nestory, pamoja na kaunta buku, daftari nene la kwaya tatu, aliyokuwa akiandikia masomo yake yote ya nomino. Nestory aliirudisha siku ya tatu baada ya mazishi, akiwa na rambirambi mkononi. Miezi miwili baadaye akahamia shule ya binafsi upande wa Pasiansi.

Jumamosi Evelina alimfuata nyumbani kwake. Dorcas, mke wa Nestory, alimkaribisha kwa furaha, akamwekea chai. Nestory alipotoka chumbani na kukiona kijitabu mezani, alimwambia mkewe akaangalie jiko.

"Umechukua kazi yangu," Evelina alisema.

"Nomino ni za Waingereza, Evelina. Au ulizizaa wewe?"

"Na mzee Kashindye ni wa Waingereza?"

Nestory alicheka. Alisema Usukumani akina Kashindye wamejaa, na akina Selestina kila parokia wapo. Evelina akamwambia kwamba kaunta buku anayo, na ataipeleka kwa wakubwa.

"Ipeleke. Nitawaambia ulinakili kwangu. Tulikaa meza moja miaka sita, nani atajua nani aliandika kwanza?"

Hakuwa na aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Evelina kuliko wizi wenyewe. Aliinuka, chai ikabaki kama ilivyomiminwa. Dorcas alimsindikiza hadi barabarani akiuliza kulikoni.

Kuanzia siku hiyo alimchukia Nestory kwa bidii. Alihesabu mifano yake ndani ya kijitabu, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, thelathini na nane. Winnie, mwalimu mwenzake, alimshauri aachane na jambo hilo, maana walimu wengi wanachukuliana notisi na hakuna anayeshtakiwa. Evelina akaacha kuongea na Winnie pia. Alingoja kikao.

Kikao kilikuwa cha walimu wa Kiingereza wa shule kumi na mbili zilizofanya mtihani wa ujirani mwema kwa pamoja. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Teodora, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Evelina alifika mapema na kaunta buku ndani ya mkoba. Alikuwa amepanga kuitoa kwenye mengineyo, mwishoni, mbele ya watu wote. Nestory aliingia na shati jipya, akasalimia kila mtu, akamruka yeye.

Teodora alianza na swali la ishirini na mbili. Wanafunzi walitakiwa kuandika wingi wa chief. Alisema kati ya watoto karibu mia tano, zaidi ya mia tatu wameandika chieves.

"Neno hilo halipo," alisema. "Wingi wa chief ni chiefs. Nimejiuliza watoto wa shule mbalimbali wamewezaje kukosea kitu kimoja. Kisha nikaona hiki."

Aliinua kijitabu cha bluu na kusoma ukurasa wa kumi na nne. Walimu wakaangua kicheko.

Evelina hakucheka. Orodha hiyo aliiandika yeye: leaf, loaf, thief, chief, wolf, wingi wa zote ukiishia na ves. Thief na chief zilifanana machoni, akazipanga pamoja, na kwa miaka tisa hakuna mkaguzi wala mwalimu aliyemwambia lolote. Aliubana mkoba kwapani. Kama asingesema kitu, aibu yote ingebaki kwa Nestory, naye angerudi nyumbani ameridhika.

Lakini Nestory alisimama akiwa mtulivu. Alieleza kwamba mswada wake ulikuwa sahihi na kwamba aliyekosea ni Elias wa steshenari alipokuwa akichapa. Alisema amekwisha kumkaripia. Teodora akauliza kama ni Elias huyo huyo anayechapa mitihani yao, na alipojibiwa ndiye, akaandika kwenye daftari kwamba kazi hiyo itafutiwe mtu mwingine.

Hapo Evelina akainuka. Hakuinuka kwa ajili ya Elias. Aliona kwamba Nestory anapenya tena, kama alivyopenya siku ile mbele ya chai.

"Kosa si la mchapaji," alisema. "Ni langu."

Aliweka kaunta buku mbele ya Teodora, akaufungua ukurasa wenyewe. Teodora aliweka kijitabu kando yake, akapitisha kidole juu ya orodha zote mbili. Mpangilio ulikuwa ule ule, maelezo ya kanuni yale yale, na chieves imeandikwa kwa mkono wa Evelina, juu yake tarehe ya miaka tisa nyuma. Teodora alimgeukia Nestory, akamuuliza kama Elias alichapa kutoka kwenye daftari hili.

Nestory alikuwa amekwama. Akidai kwamba Evelina ndiye aliyenakili kwake, kosa lingekuwa lake tangu mwanzo. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Basi mmesikia wenyewe. Amekiri kwamba Kiingereza hakijui."

Wachache walicheka.

"Ni kweli sikujua wingi wa chief," Evelina alisema. "Wewe hukujua hata kwamba sijui."

Safari hii hakucheka mtu.

Vijitabu viliondolewa madukani. Shule ya Nestory ilimpa barua ya onyo na kumnyang'anya darasa la saba. Evelina naye hakupona. Mwalimu mkuu wake alisema wazazi wakisikia watavamia ofisi, akamhamishia darasa la tatu, lenye watoto tisini na sita. Kwenye kundi la WhatsApp la walimu alianza kuitwa Madam Chieves, na hata Winnie alilitumia jina hilo mara moja.

Kabla ya kuhama aliomba kipindi kimoja cha mwisho na darasa la saba. Aliandika chiefs ubaoni, akawaambia kwamba aliwafundisha vibaya. Msichana mmoja, Favour, aliuliza itakuwaje kwa dada zake waliokwisha kumaliza shule. Evelina alisema hajui. Hilo lilimkaa moyoni muda mrefu kuliko maneno yote ya kikaoni.

Mwezi uliofuata Dorcas alimpigia simu. Alizungumza kwa unyenyekevu, akaeleza kwamba mkataba wa mumewe unakaribia kwisha na shule inasita kuuhuisha. Aliomba Evelina aandike barua fupi tu kwamba wameyamaliza na amemsamehe.

"Yeye yuko wapi?" Evelina aliuliza.

"Yuko hapa, dada. Anaona aibu kuongea."

"Hajaniomba radhi, Dorcas, na mimi sijamsamehe. Siwezi kuandika kitu ambacho hakipo."

Dorcas alianza kulia. Evelina alimsikiliza hadi alipotulia, akamwambia hana ugomvi na yeye, akakata simu. Mezani palikuwa na madaftari ya darasa la tatu, tisini na sita, mengi yamekunjika pembe. Alilivuta la juu, akalinyoosha kwa kiganja na kuanza kusahihisha.