Wiki ya Udugu

Katika kijiji kizima cha Mshangano, mwaka wa pili baada ya vita, hapakuwa na mtu aliyekua kiroho kwa kasi kama Polikarp. Alikua mpaka majirani wakachoka. Ubatizo ulikuwa bado, lakini jina alishajichagulia, na ukimwita kwa lile la zamani haitiki. Mkewe naye alimchagulia la kwake, Kunegunda, na mama wa watu alihangaika mwezi mzima kulitamka.

Egidi, mwalimu wa dini, alikuwa amewafundisha wanaongoja ubatizo kwamba imani peke yake haitoshi. Mtu ajitahidi: juu ya imani aongeze wema, kisha maarifa, kiasi, saburi, uchaji wa Mungu, udugu, na mwisho upendo. Wenzake walisikia fundisho. Polikarp alisikia ratiba. Kila fadhila akaipa wiki yake.

Wiki ya kiasi aliacha pombe, katika mwaka wa njaa ambao ulezi wa kupikia pombe haukuonekana hata kwa dawa. Wiki ya saburi alikaa kivulini akimngoja Kunegunda arudi porini na mizizi ya kula, wala hakunung'unika alipochelewa. Saburi iliyoje! Wiki ya uchaji alipiga magoti mpaka yakaota sugu, akawa anapita njiani amekunja nguo juu ili watu wayaone wapate kujengwa.

Wiki ya udugu ndiyo iliyokuja na mtu. Tabu, mjane wa kaka yake, alifika Ijumaa asubuhi. Kaka huyo na Polikarp walinyunyiziwa maji ya vita siku moja, wakaambiwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Zilipokataa kugeuka, Polikarp alikuwa wa kwanza kukimbia. Kaka yake hakukimbia.

"Shemeji," Tabu alisema, "Jumatatu misheni wanagawa mbegu, lakini hawampi ambaye hajalima. Wanasema ataila badala ya kuipanda. Shamba langu limebaki nusu. Kesho njoo unisaidie, jembe nimeshakuazimia. Nikikosa mbegu, mwaka huu sivuki."

"Kesho Padri anatusaili kwa ubatizo wa Noeli," Polikarp alijibu, kwa upole aliobakiza kutoka wiki ya wema. "Lakini nitakuombea, shemeji. Nitakuombea sana."

Kunegunda, aliyepaswa kusailiwa siku hiyohiyo, kesho yake alichukua jembe lake akamfuata Tabu.

Polikarp alijibu maswali yote. Padri alipouliza udugu ni nini, alieleza vizuri hata Egidi akafuta machozi. Akaandikwa. Kunegunda, kwa kutofika, akaandikwa mwakani, na mumewe akamsikitikia kwa dhati.

Jioni alipitia shambani kwa Tabu amejitanda shuka lake jeupe, kupeleka habari njema. Wanawake wawili walikuwa wameinama, matuta manne hayajaguswa, na jua limeshafika kwenye vilima.

"Nimepita," alisema kutoka ukingoni.

"Hongera, shemeji," Tabu alisema bila kuinuka. Alikuwa akilia, huku akiendelea kulima.

"Basi pumzikeni. Kesho ni Jumapili, amri ya tatu hairuhusu kulima."

"Ndiyo maana jembe lako liko hapo leo," Kunegunda alisema.

Polikarp aliitazama mikono ya Tabu ikiinua jembe na kulishusha, akakumbuka alivyomwacha kaka yake nyuma vitani, na aibu ikamwingia, aibu ya kweli ambayo haikuwamo kwenye ratiba. Akavua shuka, akalitundika kichakani, akashika jembe.

Viganja vya mtu aliyekua kiroho kwa wiki sita vilitoka malengelenge kabla tuta la kwanza halijaisha. Alilima vibaya. Hakuna aliyemsifu, naye kwa mara ya kwanza hakutaja ni fadhila gani aliyokuwa akiifanyia kazi.

"Padri kakuandika mwakani," alimwambia mkewe huku akihema. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayeomba radhi.

"Mwakani si mbali," Kunegunda alisema. "Nyosha tuta, limepinda."